Ini la Panya

Nilikuwa nimeinamisha jicho kwenye hadubini ya maabara, nikaona ini la panya limechanika kama kitambaa kilicholiwa na mende.

"Huyo alipewa sumu tupu," alisema mjukuu wangu, anayefanya kazi pale. Akabadilisha kioo chembamba chenye kipande cha ini. "Huyu naye alipewa sumu ileile, pamoja na maji ya majani yako ya dawa, bibi."

Nikaona vyumba vidogo vimepangana kama sega la nyuki, hakuna hata kimoja kilichobomoka.

"Kwa watu hatujajua bado," akanionya. "Ni panya tu."

"Yaani tumetolewa nyumbani kuja kuchungulia panya?" wifi yangu akaguna kwenye kiti.

Tangu tumzike kaka yake, mume wangu, wifi husema majani niliyomnywesha ndiyo yaliyommaliza ini. Maneno hayo yamenikata maini miaka kumi na miwili, hata nami nikaanza kuyaamini.

Nikaangalia tena. Vyumba vilikuwa palepale, vizima, rangi ya waridi.

Machozi yalikuwa yamelowesha kioo cha kuchungulia. Nikakipangusa kwa upindo wa nguo, nikasogea pembeni.

"Wifi," nikasema, "njoo uweke jicho hapa."