Wiki ya Kushindana na Jicho

Picha ya mia tatu na kumi na mbili. Kitufe cha "Endelea" kimeshuka, kimekanyaga maandishi. Hajra akaweka alama nyekundu, akafumba macho, akayafumbua. Zilikuwa zimebaki mia na ushee, na ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho.

Kazi yenyewe ukielezwa utacheka. Kuna programu ya simu ya kuwakumbusha wajawazito siku za kliniki. Kila mafundi wa Dar wakiigusa, kila ukurasa wake unapigwa picha upya, kwenye simu ndogo na kubwa. Hajra anaweka picha ya jana kando ya picha ya leo, anatafuta kilichobadilika bila kuamriwa. Neno lililokatika. Rangi iliyofifia. Tarehe iliyotoka nje ya kisanduku chake. Anatafuta tofauti tu, asubuhi mpaka jioni, mwaka wa pili sasa.

Walikuwa wawili, yeye na shoga yake Wahida, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Bagamoyo mjini. Wiki tatu zilizopita meneja wao, Mikdad, alimwambia Wahida asirudi tena. Kampuni inaleta mashine ya kulinganisha picha, inaitwa Jicho. Wahida alikusanya vitu vyake huku analia, na Hajra, jamani, hata kumsindikiza ngazini aliona aibu. Tangu siku hiyo hakumpigia simu. Angemwambia nini? Pole, mimi nimebaki?

Kisha Jumatatu hii zamu yake nayo ikafika.

"Picha zilezile, wewe na Jicho, siku tano," Mikdad alisema. "Atakayeona makosa mengi ndiye anayebaki. Na usimwambie mtu, ni siri ya kampuni."

"Mimi na mashine, bosi? Mashine haichoki."

"Ndiyo maana nakupa nafasi, dada."

Nafasi, eti. Lakini Hajra alikubali, kwa sababu ya mwanawe. Kabla ya kazi hii alikuwa Chalinze, anahudumia madereva wa malori kwenye mgahawa, nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi. Mtoto wake Mwanamvua alikuwa anamwita bibi yake "mama", na yeye aliyemzaa akamwita "shangazi". Ilichukua mwaka mzima jina kurudi mahali pake. Kazi hii ikiondoka, ni Chalinze tena. Hapakuwa na njia nyingine, alishazitafuta zote.

Basi akakaza. Mihogo alikula palepale mezani, jicho moja kwenye picha. Kila jioni Mikdad alibandika matokeo ukutani, pamoja na saa ya kila alama iliyowekwa. Jumatatu Jicho liliongoza kwa nne. Jumanne Hajra akazirudisha mbili. Jumatano akagundua jambo: kila siku, adhuhuri, Jicho linanyamaza dakika ishirini. Na alasiri tena.

"Linapozwa," Mikdad alisema bila kuinua kichwa. "Joto hili la pwani hata chuma hakiliwezi."

Hajra alifurahi mno. Akaanza kuswali harakaharaka, Mungu amsamehe, ili alipite wakati limepoa. Alhamisi jioni walikuwa sawasawa, na usingizini aliota vitufe vinasogea.

Sasa ilikuwa saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Akaweka alama ya mwisho, akanyoosha mgongo. Macho yalimwasha kana kwamba yametiwa pilipili. Mikdad alijumlisha, akajumlisha tena.

"Limekuzidi kwa moja, dada."

"Ipi?"

Akamwonyesha. Mchoro wa mjamzito anakula wali. Hajra akaitazama picha ya jana, akaitazama ya leo, akarudia mara tatu.

"Lakini hizi hazina tofauti, bosi! Ni kitu kilekile."

"Soma maelezo ya Jicho."

Yaliandikwa kwa ufupi: *Anakula kwa mkono wa kushoto. Akina mama watachukia.*

Lo! Ni kweli. Wa kushoto, jana na leo, na pengine tangu programu ilipoanza. Hajra alikuwa ameupita mchoro ule mara elfu, kwa kuwa aliambiwa atafute tofauti na tofauti haikuwepo. Alitaka kuuliza mashine imejuaje mambo ya mikono, lakini Mikdad alikuwa ameshaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Teknolojia," akasema. "Acha tu."

Hajra alishuka ngazi taratibu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira haikuja. Hakutaka kwenda nyumbani kumtazama Mwanamvua usoni, si sasa hivi. Kulikuwa na mtu mmoja tu mjini hapa wa kumwelewa, na ni yuleyule ambaye yeye Hajra alimkimbia. Akachukua bajaji mpaka kwa Wahida. Alikusudia kumwomba radhi, kisha walie wote wawili, yaishe.

Hodi moja tu, mlango ukafunguliwa. Wahida alikuwa amekonda, macho yake mekundu na yamevimba, lakini akamrukia Hajra shingoni huku anacheka.

"Shoga yangu! Wallahi leo nilikuwa nakuja kwako, walinikataza kusema mpaka iishe! Wamenirudisha kazini. Wiki nzima wamenishindanisha na mashine, Hajra, na nimeishinda kwa picha moja!"