Damu ya Ruiri

Begi la nguo za Gatwiri liliingia kwenye buti ya gari kabla hata mtoto hajavishwa soksi. Mama mkwe wake, Phyllis, alilipakia mwenyewe. Wangeenda Embu kuchukua majibu ya damu. Yakionyesha kwamba ugonjwa umetoka kwa Gatwiri, basi wakati wa kurudi Ruiri wangemshusha Mitunguu, kwao, yeye na mtoto wake.

Mtoto alikuwa na mwaka na nusu na bado hakuweza kuketi. Kwa desturi, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, lakini Phyllis alikuwa amekataa katakata.

"Jina la mzee wangu haliwezi kubebwa na shingo inayolegea."

Katika chumba cha daktari Phyllis aliketi katikati, kati ya Gatwiri na mumewe, Kiambi.

Daktari Nthiga alieleza polepole. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachoandaa sukari ya kubandikwa kwenye protini ili zifanye kazi yake. Cha mtoto huyu kilikuwa dhaifu.

Phyllis alisonya. "Sukari? Kwao wanakula ndizi asubuhi na jioni, na bado sukari imewapungukia?"

"Mama, tafadhali," Kiambi alisema.

"Wewe nyamaza. Nimekulea kwa maziwa ya ng'ombe wangu, halafu ukaenda kuniokotea hiki."

Gatwiri alimkumbatia mwanawe. Alichoomba moyoni ni kimoja tu: asirudishwe kwao kama sufuria iliyotoboka.

"Mtoto haugui kwa kasoro ya mzazi mmoja," daktari aliendelea. "Lazima aipate kwa wote wawili. Gatwiri anayo. Kiambi pia anayo, ingawa haiwadhuru wao."

Gatwiri alishusha pumzi.

"Mpime tena," Phyllis alisema.

"Tumerudia, mama. Kiambi naye aliirithi kwa baba yake au kwa mama yake. Ningeomba tukupime na wewe."

Phyllis alisimama, akaweka shali yake vizuri mabegani. Alimtazama Kiambi jinsi alivyozoea kumtazama Gatwiri.

"Daktari, usiipake familia yetu uchafu," alisema. "Mimi sikujaliwa kuzaa. Huyu tulipewa na masista, akiwa hana hata jino."