Asilimia Tisini na Saba

Fundi wa seva alikuwa amezima ramani ya zamani, na mpya ilikuwa imefika asilimia tisini na saba kujipakia, mpokea simu za dharura alipomaka.

"Dada, mjukuu wa bibi huyu hapumui vizuri, na mtaa wake haupo kwenye mashine! Dereva wa ambulensi anazunguka kama pia!"

Fundi alibofya tena. Patupu. Jasho likadondokea kibodi. Akiirudisha ya zamani, kazi ya siku tatu itakwenda na maji, na itachukua dakika kumi kuamka.

Akanyakua simu. "Bibi, toka nje. Unaona nini?"

Mlango ulikwaruza.

"Naona taa ya gari lenu, mwanangu. Linapita."

Fundi akairukia redio. "Dereva, geuza!"