Kitufe Kilichogoma kwa Shangazi

"Hakipo!" shangazi alifoka kwenye simu. "Nimepekua juu, nimepekua chini, kitufe cha kuagiza hakipo. Na wewe ndiye unayetaka kumwoa mtoto wetu?"

Fundi wa tovuti aliitazama kompyuta yake. Programu yake ya majaribio ilikuwa imefungua ukurasa uleule kwenye vivinjari vyote, vipya na vikongwe, ikabonyeza kila kitufe, ikaweka tiki ya kijani kila mahali. Kijani tupu, mpaka raha! Sasa kitufe cha shangazi kimekwenda wapi, jamani?

Tovuti ilikuwa ya duka la mapazia ambalo mama wa mchumba wake alisema anataka kufungua. Mama huyo hakumumunya maneno.

"Ukiniambia kwako inafanya kazi, hujaniambia kitu," alisema. "Ijaribu kwa ukoo wetu, hasa wale wagumu. Ikipita, tutapanga harusi. Isipopita, kila mtu ashike njia yake."

Basi fundi akaenda kwa shangazi. Salamu yake haikuitikiwa. Alipewa mtungi wa gesi aupandishe kwa ngazi mpaka ghorofa ya nne, na lifti nzima kabisa ikimtazama. Kisha akasemwa, kuanzia viatu vyake mpaka kazi yake, "kazi gani hiyo ya kukaa?" Fundi alimeza mate, akatabasamu, akaomba simu. Kitufe hicho hapo, chekundu, kikubwa kama sahani.

"Ee! Kumbe kimerudi," alisema shangazi, wala hakushtuka.

Fundi akarudi kwenye programu yake, akaongeza majaribio mengine. Kijani.

Mara mjomba akapiga. Kwake picha zote zimepinduka, miguu juu! Fundi akaenda mbio. Mjomba alimkalisha kwanza, akamsimulia alivyofunga goli la ushindi enzi za ujana wake. Akamsimulia tena tangu mwanzo. Mara ya tatu goli lilikuwa limeshakuwa la kichwa. Fundi alikuwa anawaka ndani kwa ndani, lakini alipiga makofi kila goli lilipoingia. Kompyuta ilipowashwa mwishowe, picha zilikuwa zimesimama wima.

"Hii programu inanifanya mjinga," alimlalamikia mchumba wake.

Mchumba alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoulizwa kinachomchekesha, akasema ana kikohozi.

Aliyemmaliza kabisa ni bibi. Kwa bibi, eti maandishi yanacheza ngoma. Fundi alichuchumaa kando ya kiti chake ili aone vizuri. Bibi akamwegemezea kichwa begani, simu ameikumbatia kifuani, akalala fofofo akikoroma. Fundi hakujitikisa. Mguu ukafa ganzi, na yeye yumo tu kujiuliza ni kivinjari gani hicho kinachochezesha maandishi.

"Bado upo?" bibi aliuliza alipofumbua macho.

"Nipo, bibi."

"Mh," alisema bibi, akampa simu. Maandishi yalikuwa yametulia tuli.

Fundi alifika kwa mama wa mchumba wake akichechemea, roho mkononi. Mchumba alikuwa anapanga sahani mezani, na hata salamu yake fundi hakuisikia vizuri.

"Mama, nimeshindwa," alisema, nusura alie. "Hitilafu zipo, watu watatu wameziona, mimi sizioni. Nionee huruma. Mwanao nampenda, sina mwingine. Nipe wiki moja tu nizitafute."

Akafungua kompyuta, akaisogeza mbele ya mama. Mama aliisukuma pembeni apate pa kuweka bakuli, akamgeukia binti yake.

"Kwa shangazi yako amepita, hakupandisha sauti. Kwa mjomba wako alichelewa kidogo kupiga makofi, lakini hakukwama. Kwa bibi yako hakuzima hata mguu ulipokufa ganzi. Huyu anafanya kazi kwa ukoo mzima. Panga harusi."

Fundi aliivuta tena kompyuta yake.

"Na... duka la mapazia, mama?"

"Duka gani, mkwe wangu?"