Swali la Kuchemshia Chai

Herieth alibonyeza kitufe, akachukua birika kwenda kuinjika chai. Ndiyo desturi nyumbani kwao Tangini: akiiuliza hifadhidata habari za wakulima wa korosho wa Kisarawe, chai huiva kabla ya jibu, maana kompyuta hupekua kwanza wakulima wa nchi nzima.

Jana alikuwa ameibadilisha namna hifadhidata inavyotafuta, ianzie Kisarawe. Programu yake ni huria, yeyote ana ruksa kuirekebisha, ila wenzake wanaoirekebisha mtandaoni walisema haitasaidia kitu.

Hajafika mlangoni, skrini ikajaa majina.

Alibaki na birika tupu mkononi, akicheka peke yake. “Bibi, jibu limeshatoka.”

Bibi yake alikitazama kikombe chake kikavu. “Hongera, mjukuu wangu. Sasa iulize swali gumu zaidi, na mimi ninywe chai.”