Wino Mwekundu

Kila barua ya mume wa Mwalimu Zamda kutoka machimboni ilimalizika kwa sentensi moja ya Kiingereza, kwamba anangoja kwa hamu kumwona, na kila mara aliikosea. Mwalimu aliisahihisha kwa wino mwekundu, akamrudishia. Barua iliyofuata ilikuja na kosa lilelile.

Wiki moja baada ya mazishi ya mumewe, barua yake ya mwisho ilifika.

"Baba kakosea tena!" alisema binti yao Tunu, akicheka huku machozi yakimtoka.

"Mkaidi yule. Miaka ishirini namfundisha!"

"Basi sahihisha, Mama, kama kawaida."

Mwalimu akainua kalamu nyekundu, kisha akaishusha.

"Nikisahihisha hili, nani atakosea tena?"

Akaikunja barua taratibu. Kosa likabaki ndani, zima, likimngoja.