Gari la Kazi kwa Mwalimu Lukresia

Leodegari aliingiza pikapu yake kwa Mwalimu Lukresia akiwa na ombi moja tu moyoni: lolote litakalotokea, asiambiwe airudishe nyuma.

Injini yake ilikuwa nzima na breki zilishika. Bodi nayo Esteria, mkewe, alikuwa ameisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Rivasi tu ndiyo haikuwamo. Ilikufa wakati wa mavuno, na fundi wa mtaa wa Lizaboni alikwisha sema kipuri chake labda kitafutwe Dar es Salaam.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu akiuza alichonacho apate anachokitamani. Leodegari alitamani mashine ya kusaga. Pale mtaani kwao Mjimwema wanawake walikuwa bado wanakwenda na ndoo za mahindi vichwani hadi mtaa wa pili, na yeye alikuwa amemwahidi Esteria kwamba Krismasi itawakuta wanawasagia wengine. Sasa Esteria alikuwa ameacha hata kuuliza. Hilo lilimuuma kuliko kama angegombezwa.

Ndipo aliposikia kwamba Mwalimu Lukresia, mwalimu mkuu mstaafu anayekaa nje ya mji, barabara ya Namtumbo, anatafuta gari lililotumika la kuhudumia eneo lake. Na lilikuwa eneo kweli. Ekari kumi, nyumba katikati, zizi juu, shamba la mahindi chini, na kati yake migomba, mipera na kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu na gari lako."

Mwalimu alilizunguka mara moja. Hakupiga tairi teke, wala hakuomba afunguliwe boneti. Alisema kwamba kwa miaka yote aliyofundisha hakuwahi kumjua mwanafunzi kwa sare yake, ila kwa kumpa zoezi.

"Gari la kazi halichaguliwi kwa rangi," alisema. "Tulipe zoezi, tulione."

Zoezi lenyewe lilikuwa samadi. Zizini kulikuwa na lundo la mwaka mzima, na lilitakiwa lifike shamba la chini kabla ya mvua. Gaspari, mtumishi wa pale, alikuwa amekwisha simama na makoleo mawili.

Leodegari akalitazama lango la zizi. Lilikuwa jembamba, na ndani hapakuwa na nafasi ya kugeuza. Mwalimu akamwomba aingie kinyumenyume ili Gaspari asihangaike. Leodegari akajibu haraka kwamba moshi wa nyuma si mzuri kwa ng'ombe, hasa wenye ndama. Mwalimu akafikiri kidogo, akakubali kwamba kifua cha ng'ombe ni cha kulindwa, akamwamuru Gaspari ang'oe nguzo mbili za uzio upande wa pili. Gari liingie huku, litokee kule.

Basi wakabeba. Safari ya kwanza Leodegari alikaa ndani ya gari kama bwana. Safari ya tatu alishuka, maana Gaspari alichota taratibu mno, na mnunuzi angeweza kudhani gari ndilo zito. Kufika ya sita alikuwa amevua shati na kushika koleo la pili. Kila alipotaka kugeuza alizunguka mipera yote kwa duara pana, akionyesha jinsi usukani ulivyo mlaini.

Mwalimu alikaa kibarazani akiuliza kwa upole. Kilima kinaisumbua? Klachi ni ngumu? Inakunywa mafuta? Leodegari alijibu kila swali kwa ukweli mtupu, na kila ukweli ulimfanya aone uzito wa ule mmoja aliouficha.

Alasiri lundo lilikwisha, na sakafu ya zizi ikafagiliwa. Mwalimu akaandaa ugali na samaki wa Nyasa. Akamwekea Leodegari yule mkubwa, akamwambia kwamba mama yake alimlea vizuri. Leodegari akalirudisha tonge sahanini.

"Mwalimu," alisema akiangalia sahani, "gari hili halina rivasi."

Mwalimu aliendelea kutoa miiba. "Nilijua, mwanangu. Toka safari ya pili."

Kisha akamwambia kwamba kijana anayejisema mwenyewe ni adimu siku hizi, na kwamba rivasi si kitu kwa mtu mwenye ekari kumi za kuzungukia. Ila gari si kuku, halinunuliwi kwa siku moja. Angelifikiria. Alimfungia mkungu wa ndizi ampelekee mkewe, akamsindikiza hadi barabarani.

Leodegari alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetoka kitubioni kuungama dhambi. Akamsimulia Esteria yote, pamoja na uongo wake wa moshi na ng'ombe. Esteria alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mavuno, akauliza mashine itakaa upande gani wa nyumba.

Jumatatu Leodegari alikwenda Lizaboni kumwona tena fundi. Sasa alitaka rivasi ipatikane kwa vyovyote, ili Mwalimu apate gari lililo kamili. Fundi alikuwa uvunguni mwa Land Rover. Kando yake wanaume wawili walikaa juu ya tairi bovu, nao wana magari ya kuuza. Leodegari hakuweza kujizuia. Akawaambia amepata mnunuzi: mwalimu mstaafu, barabara ya Namtumbo, mama mwenye utu ambao hajawahi kuuona, na kwamba lililobaki ni neno lake tu.

Wale wawili walitazamana. Mmoja, mnene aliyeitwa Urbani, akanyanyuka polepole, akachungulia ndani ya bodi ya pikapu, akabandua kipande kilichokaukia pembeni.

"Kumbe samadi ni wewe," akasema. "Mimi nilikuwa mawe. Huyu mwenzangu alikuwa matofali, mwaka juzi, na lake bado linafikiriwa."